Tope, Mteremko na Mashine Ndogo

Shemeji yangu anaishi Nyantakara, wilayani Biharamulo. Nyumba yake iko juu ya kilima, barabara iko chini, na katikati kuna njia ya mita kama 80 hivi. Mvua zikianza, udongo mwekundu wa shamba la juu huporomoka na kujaa njiani. Gari halipandi, baiskeli haipandi, na mahindi hushushwa kwa mabega ya watu, gunia baada ya gunia.

Juma lililopita alinipigia simu. Jirani yake ana ndugu aliyehamia Marekani, naye alimletea picha za video za mashine ndogo ya magurudumu manne, yenye bapa mbele, ikisukuma theluji katika njia ya nyumba iliyo mlimani. Shemeji akaona dawa imepatikana. "Shemeji," akaniambia, "ninyi watu wa redio mnajua kila jambo. Ninunue mashine gani, inisukumie tope na kunibebea mahindi?" Fedha anazo kidogo, za mahindi ya misimu miwili, na nyingine alikuwa tayari kukopa.

Sisi watu wa redio hatujui kila jambo. Lakini hili nililitafutia mafundi wawili, na waliyonieleza nimeona yafaa yawafikie na wengine, maana wanaotaka kununua mashine za namna hii ni wengi.

Kwanza, theluji si tope. Theluji iliyoanguka leo, ukiijaza katika sanduku la mita moja kila upande, aghalabu ina uzito wa kilo 100 au chini yake. Jaza sanduku hilohilo tope la mvua, utapata tani moja na nusu, pengine mbili. Mashine inayoicheza theluji kama pamba itakwama katika tope kabla haijafika mita tano. Na hata huko kwenye theluji, watu hufunga minyororo katika matairi na kuongeza vyuma vya uzito nyuma. Kwa nini waongeze uzito kwenye mashine inayopanda mlima? Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Wengi wetu tukienda dukani huuliza injini ina nguvu za farasi wangapi. Mlimani, penye utelezi, swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: ni uzito kiasi gani unaokalia magurudumu yanayosukuma? Tairi hushika ardhi kwa kukandamizwa. Juu ya tope la mfinyanzi, mshiko huwa kama robo ya uzito ulio juu ya gurudumu. Zaidi ya hapo gurudumu huzunguka bure, hata injini ingekuwa ya lori.

Sasa tupige hesabu. Nilimwomba shemeji aazime pima maji ya fundi wa nyumba, aifunge juu ya ubao wa mita moja, aulaze njiani upande wa mteremko mpaka ukae sawa, kisha apime kutoka ncha ya chini ya ubao hadi ardhini. Akapata sentimita 22. Kwa mteremko huo, chombo chenye uzito wa kilo 1,000 pamoja na mzigo huvutwa kurudi nyuma kwa zaidi ya kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi yanayoning'inia nyuma yake.

Pawatila yenye tela haiwezi. Uzito mwingi unakaa kwenye tela, na magurudumu yanayosukuma yanabakiwa na kilo 350 hivi. Robo yake haifiki hata 90. Guta la injini, lile la magurudumu matatu, lina nafuu kwa kuwa mzigo unakalia magurudumu ya nyuma, tuseme kilo 700. Mshiko wake ni 175. Nalo litateleza, na mzigo ukisogea nyuma mno gurudumu la mbele litanyanyuka. Trekta dogo linalosukuma kwa magurudumu yote manne linapata 250, yaani linapenya kwa shida, kabla hujahesabu tope linalokumbatia matairi. Nalo ndilo ghali kuliko yote.

Pawatila ina hatari nyingine ambayo muuzaji huenda asikwambie. Mashine hizi zilisambazwa sana vijijini wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009, na katika majaruba ya mpunga zimefanya kazi nzuri. Ukibana klachi ya mkono wa kushoto, gurudumu la kushoto hukatiwa nguvu na mashine hukata kushoto. Lakini ukiteremka mlima mkali, lile gurudumu ulilolikatia nguvu linakuwa huru, halishikwi tena na injini, linakimbia kuliko mwenzake, na mashine inakata kulia! Dereva anayekwepa shimo lililoko kulia kwake anajikuta ndani ya shimo. Mafundi wote wawili walilitaja jambo hili bila kuulizwa.

Basi anunue nini? Jibu langu halikumfurahisha: asinunue mashine kwanza. Achimbe mfereji juu ya njia ili maji ya shambani yapite kando, maana tope halizaliwi njiani, linaletwa. Kisha amwage zege katika mistari miwili mipana, chini ya magurudumu tu, uso wake ukikwaruzwa kwa fagio ngumu. Juu ya zege kama hilo mshiko hufika nusu ya uzito au zaidi, na lile guta la 175 linapata 350. Pawatila na tela lake hata hapo bado inashindwa. Guta lenye magurudumu matatu litahitaji mstari wa tatu katikati, mwembamba. Breki zikaguliwe kabla ya injini.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya saruji.

Jana jioni alipiga tena. Mfereji umefika nusu, na mwenye duka la mashine ameambiwa asubiri hadi mavuno. Kinachomsumbua sasa ni yule fundi, anadai pima maji yake, na shemeji hajui iko kwa nani: majirani watatu wamekwisha kuiazima.