Lainibeki wa Penn State tunaowasahau

Wapenzi wa mpira wa Kimarekani hukiita Chuo Kikuu cha Penn State, kilichopo State College katika jimbo la Pennsylvania, chuo cha lainibeki. Jack Ham alitoka pale, na Shane Conlan, LaVar Arrington, Paul Posluszny, na miaka ya karibuni Micah Parsons. Sifa hiyo ni ya haki, ila imezaa dhuluma. Anayekumbukwa ni yule aliyekwenda kung'ara katika ligi ya kulipwa, NFL. Yule ambaye kazi yake kubwa ilianzia na kuishia chuoni husahaulika, hata kama alipokuwa pale hakuna aliyemzidi. Wapo watatu ninaotaka kuwatetea.

Tuanze na kazi yenyewe, kwani wengi wetu huufuata mpira kwa macho na hatumwoni mtu huyu. Timu inayolinda huwa na wachezaji 11. Mbele wapo watatu au wanne wenye miili mikubwa, wameinama, mkono umegusa nyasi. Yardi nne au tano nyuma yao ndipo wanaposimama lainibeki. Mpira ukianza, lainibeki mzuri hautazami mpira. Anawatazama wale wanaomkinga kwotabeki, yaani mpangaji wa mashambulizi. Mmoja wao akiinuka na kurudi nyuma, ni dalili kwamba pasi inakuja. Akichomoka kwenda pembeni, mpira utabebwa kuelekea huko huko. Uamuzi unafanyika kabla sekunde moja haijaisha, na wapinzani wanalijua hilo: hujifanya wanampa mkimbiaji mpira ili lainibeki asogee mbele, kisha pasi inatua pale pale alipopaacha wazi.

Kazi ya namna hii ni ngumu kuipima. Kipimo cha kawaida ni idadi ya wapinzani aliowaangusha, lakini NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza kuweka rasmi takwimu za walinzi mmoja mmoja mwaka 2000 tu. Kabla ya hapo kila chuo kilijihesabia. Hata pale hesabu ilipo sahihi, inaficha mengi. Kumwangusha mtu aliyekwisha kuvuna yardi nane huandikwa sawa na kumwangusha kabla hajapiga hatua. Tena lainibeki wa timu inayoelemewa hukaa uwanjani muda mrefu na kujaza daftari, wakati mwenzake wa timu imara anapumzika benchi. Dan Connor, aliyecheza Penn State kuanzia 2004 hadi 2007, alimaliza akiwa ameangusha mara 419, rekodi ya chuo. Aliistahili. Lakini orodha ile haiwezi kutuambia nani alikuwa bora kuliko nani.

Wa kwanza ninayemtetea ni Dennis Onkotz, aliyevaa namba 35 kuanzia 1967 hadi 1969. Mwaka 1967, dhidi ya North Carolina State iliyokuwa haijafungwa, alinasa pasi akakimbia nayo yardi 67 hadi mstari wa mwisho. Kipindi cha pili wapinzani walisogea hadi yardi moja kutoka kwenye mstari wa Penn State, wakabakiwa na jaribio lao la nne na la mwisho. Wakampa mpira mkimbiaji wao apenye katikati. Onkotz na mwenzake Jim Kates wakamkuta palepale, hakupenya. Penn State wakashinda 13 kwa 8. Mchezaji huyo huyo ndiye aliyenasa pasi kama beki wa nyuma na ndiye aliyeziba mlango kama mtu wa mbele.

Misimu miwili iliyofuata, 1968 na 1969, Penn State haikupoteza mchezo hata mmoja. Onkotz alichaguliwa mara mbili katika kikosi bora cha taifa, akamaliza chuo na pasi 11 alizonasa, idadi ambayo mlinzi wa nyuma kabisa angejivunia. Kocha Joe Paterno alimtumia pia kupokea mipira iliyopigwa juu na wapinzani, kazi ambayo kwa kawaida hupewa wachezaji wepesi wa mbio na si lainibeki. Na masomo yake yalikuwa baiofizikia.

Katika misimu hiyo miwili Jack Ham alicheza lainibeki pamoja naye. Ham alikwenda Pittsburgh Steelers, akashinda ubingwa wa Super Bowl mara nne, na leo ndiye jina la kwanza kutajwa. Onkotz alikwenda New York Jets mwaka 1970, akavunjika mguu katika msimu wake wa kwanza, na safari yake ikaishia hapo. Aliingizwa katika jumba la heshima la mpira wa vyuo mwaka 1995, kwa hiyo siwezi kusema amenyimwa kila kitu. Alichonyimwa ni nafasi midomoni mwa watu.

Pete Giftopoulos ni kisa kifupi zaidi. Alikuwa Mkanada kutoka Hamilton, Ontario, na usiku wa tarehe 2 Januari 1987 alikuwa uwanjani Tempe, Arizona, katika mchezo wa kuamua bingwa wa taifa. Miami walikuwa wa kwanza kwa ubora, na kwotabeki wao Vinny Testaverde alikuwa ametoka kupewa tuzo ya Heisman, kubwa kuliko zote za mpira wa vyuo. Miami walivuna yardi 445, Penn State 162 tu. Kinachoeleza kwa nini Penn State walishinda 14 kwa 10 ni pasi tano walizomnasa Testaverde, nne kati yake zikiwa za lainibeki wawili. Conlan alinasa mbili, na ya pili ilizaa pointi za ushindi. Giftopoulos naye alinasa mbili. Ya mwisho ilikuja zikiwa zimebaki sekunde 18, Miami wakiwa yardi 13 kutoka mstari wa mwisho na jaribio moja tu mkononi. Testaverde alitupa, Giftopoulos akawa amesimama pale ambapo pasi ilipaswa kupita. Conlan alikwenda Buffalo Bills akiwa chaguo la nane la mwaka ule. Giftopoulos alirudi kucheza kwao Kanada.

Michael Mauti alikutana na mtihani wa aina nyingine. Jerry Sandusky, kocha msaidizi aliyesifiwa kwa miaka mingi kwa kuwalea lainibeki wa chuo hicho, alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kuwanyanyasa watoto kingono. NCAA ikakitoza chuo dola milioni 60, ikaifungia timu michezo ya baada ya msimu kwa miaka minne, na kuwaruhusu wachezaji wahamie popote mara moja. Mkimbiaji wao tegemeo, Silas Redd, akaenda zake. Siku mbili baada ya adhabu kutangazwa, Mauti na mchezaji mwenzake Michael Zordich walisimama mbele ya waandishi wa habari na wenzao nyuma yao, wakasema wanabaki.

Mauti alikuwa ameshararuka kano za goti mara mbili. Msimu ule alicheza vizuri kuliko wakati wowote. Dhidi ya Illinois alinasa pasi mbili, moja akakimbia nayo yardi 99 na kuangushwa hatua moja kabla ya kufunga. Novemba, goti likararuka mara ya tatu, na katika mchezo wa kufunga msimu dhidi ya Wisconsin wenzake wakabandika namba yake, 42, kwenye kofia zao. Wakashinda 24 kwa 21 katika muda wa nyongeza na kumaliza na ushindi nane.

Nikitakiwa kuwapanga, Giftopoulos nitampa heshima ya usiku mmoja mkubwa, na Mauti heshima ya kuibakiza timu pamoja. Onkotz namweka juu ya wote, Ham akiwemo. Katika NFL Ham hana mjadala. Chuoni, miaka ile miwili waliyocheza pamoja, lainibeki bora wa Penn State alikuwa namba 35.