Gemu ya mtandaoni ikigoma, mzazi usimwachie mtoto peke yake

Ni Jumamosi mchana. Marafiki wanne wameshaingia kwenye mchezo na wanamsubiri wa tano. Kwenye kioo cha kompyuta yake kuna kiduara kinachozunguka, kisha yanatokea maandishi ya Kiingereza yanayosema muunganisho umeshindikana. Mtoto anazima, anawasha tena, anapiga meza. Mzazi aliye jikoni anasikia vurugu na kutoa hukumu hapo hapo: “Zima hiyo kompyuta ukasome!”

Hukumu hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi haimalizi tatizo. Mtoto anazima mbele ya mzazi, kisha usiku wengine wakishalala anarudi kujaribu upya. Akiwa peke yake usiku huo anaweza kufanya mambo mawili ya hatari: kukesha, na kufuata maelekezo ya mtu yeyote mtandaoni anayedai kuwa na dawa ya tatizo lake.

Habari njema ni kwamba gemu za mtandaoni zikigoma, mara nyingi ni kwa sababu chache zinazojulikana. Nyingi kati ya hizo zinaweza kukaguliwa nyumbani kwa nusu saa bila kumwita fundi. Mzazi halazimiki kujua kucheza. Inatosha akae pembeni na kuhakikisha ukaguzi unafuata mpangilio.

Haifunguki au haiungi?

Daktari huanza kwa kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Hapa pia swali la kwanza ni moja: gemu haifunguki kabisa, au inafunguka lakini inashindwa kuwaunga wachezaji wengine? Isipofunguka, tatizo kwa kawaida liko ndani ya kompyuta. Ikifunguka na kukwama wakati wa kujiunga, chunguza intaneti, akaunti au kompyuta za kampuni yenye gemu, yaani seva.

Kabla ya kubonyeza chochote, upigwe picha kwa simu ule ujumbe unaotokea kwenye kioo, hasa kama una namba. Namba hiyo ikitafutwa kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni husika, mara nyingi huonyesha sababu moja kwa moja. Watoto wengi huufunga ujumbe kabla ya kuusoma.

Isipofunguka

Kwanza, kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Pili, ikaguliwe nafasi iliyobaki. Gemu kubwa kama Counter-Strike 2 huhitaji takriban GB 85, na diski iliyojaa picha na filamu haiwezi kupokea maboresho mapya.

Tatu, yakaguliwe mafaili ya gemu. Umeme ukikatika au bando likiisha wakati gemu inapakuliwa, baadhi ya mafaili huharibika. Programu za kuendesha gemu kama Steam na Epic Games zina sehemu ya kukagua mafaili, ambayo hutafuta yaliyoharibika na kupakua hayo tu. Kwa familia inayonunua bando, hatua hii ni nafuu kuliko kuifuta gemu yote na kuipakua upya.

Nne, itazamwe tarehe ya kompyuta. Jambo hili husahaulika sana, hasa kwa kompyuta za mtumba. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida aina ya CR2032, inayotunza saa wakati umeme umekatwa. Ikifa, tarehe inaweza kurudi nyuma miaka mingi. Seva hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani bado ni mwaka 2010 itakikataa cheti hicho kwa sababu inaona muda wake haujaanza. Rekebisheni tarehe kisha mjaribu tena. Ikirudi nyuma kila kompyuta inapochomolewa kwenye umeme, betri ibadilishwe.

Tano, ithibitishwe kama kompyuta ina uwezo. Valorant, kwa mfano, ikichezwa kwenye Windows 11 inadai vipengele vya usalama viitwavyo TPM 2.0 na Secure Boot viwe vimewashwa. Mtoto anaweza kuhangaika wiki nzima na mashine ambayo haikuwahi kutimiza masharti hayo. Akiambiwa mapema, ataumia siku moja na kutafuta gemu nyingine.

Isipoungana na wengine

Anza na bando. Mabando ya mitandao ya kijamii pekee hufungua WhatsApp na Instagram huku gemu ikikosa njia, na mtoto akaamini intaneti ipo. Fungueni tovuti nyingine yoyote ya kawaida mhakikishe.

Kisha tazameni ukurasa wa kampuni unaoonyesha hali ya seva. Wakati mwingine seva ziko kwenye matengenezo na hakuna la kufanya nyumbani zaidi ya kusubiri. Mei 12, 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, kufuta gemu na kuipakua upya ni kupoteza bando bure.

Umbali nao una mchango wake. Mwanga husafiri ndani ya waya wa faiba kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, Ujerumani, ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi kunachukua zaidi ya milisekunde 60 hata kama kila kitu kiko sawa, na nyaya zenyewe hazijanyooka. Johannesburg ni chini ya nusu ya umbali huo. Gemu nyingi humruhusu mchezaji kuchagua eneo la seva na huonyesha namba ya ucheleweshaji iitwayo pingi. Chagueni eneo lenye namba ndogo. Mtoto anayelalamika kwamba “gemu inanionea” huenda amewekwa kwenye seva ya bara jingine.

Kama mtoto anataka kuingia kwenye dunia ya rafiki katika Minecraft, wote wawili wawe na toleo moja. Anayetumia toleo la Java kwa kawaida hawezi kujiunga na wa Bedrock, na hata kwa Java, tofauti ndogo ya namba ya toleo inaweza kumzuia.

Wakati mwingine ufunguo uko kwa mzazi mwenyewe. Akaunti ya Microsoft iliyosajiliwa kama ya mtoto inaweza kuzuiwa kucheza na wengine hadi mzazi atoe ruhusa kwenye mipangilio ya familia. Mtoto anaona tu ujumbe kwamba kucheza na wengine kumezimwa, na wengine hutoroka kizuizi hicho kwa kufungua akaunti mpya yenye umri wa uongo. Mzazi akikaa naye, ataamua aruhusu nini na kwa masharti gani.

Mwisho, mkaribieni ruta au mtumie waya, na muulizane kama kuna mtu sebuleni anatazama filamu kwa Wi-Fi hiyo hiyo.

Mtego wa ‘marekebisho ya bure’

Hapa ndipo upweke wa usiku unapoweza kuigharimu familia nzima. Mtoto aliyekwama hutafuta video inayoahidi kutatua tatizo kwa dakika moja. Baadhi ya maelekezo humtaka azime antivairasi, apakue faili asilolijua kisha alifungue. Wengine hujifanya wahudumu wa kampuni na kuomba nywila, au namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu ya mama. Wapo pia wanaotoa ahadi ya fedha za bure za ndani ya mchezo.

Kuna programu hatari zilizotengenezwa mahsusi kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Ikiwa mashine hiyo ndiyo baba anayotumia kwa barua pepe za kazini, hasara haitaishia kwenye akaunti ya gemu.

Familia iwe na kanuni tatu: antivairasi haizimwi, nywila na namba za uthibitisho hazitolewi kwa yeyote, na faili hupakuliwa kutoka kwa mwenye gemu tu. Ikiwa ulinzi wa Windows unaizuia gemu, iruhusiwe gemu hiyo peke yake huku ulinzi mwingine ukibaki.

Kama kosa limeshafanyika, katisheni intaneti kwenye kompyuta hiyo. Kwa kutumia kifaa kingine, badilisheni nywila mkianza na ya barua pepe, kisha muikague kompyuta kwa antivairasi. Fimbo haitasaidia. Mtoto anayejua atachapwa atanyamaza, na kila saa anayonyamaza inampa mwizi nafasi zaidi.

Usingizi na hasira

Wataalamu wa usingizi wa Marekani katika mapendekezo yao ya mwaka 2016 walishauri watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mwanafunzi anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la shule anapaswa kuwa amelala kufikia saa 3 usiku kama anahitaji saa 8. Hivyo ukaguzi wa gemu ufanyike mchana, usizidi nusu saa, na usianze muda wa kulala ukikaribia. Maboresho yapakuliwe mapema, siyo dakika marafiki wanapoingia.

Mzazi ajue pia kwamba gemu hizi hazisimamishwi katikati kama filamu. Counter-Strike na Dota 2 humwadhibu anayeondoka kabla mechi haijaisha, na mechi moja ya Dota inaweza kuchukua dakika 40 au zaidi. Ni rahisi kukubaliana mapema kwamba hii ndiyo mechi ya mwisho kuliko kuchomoa waya na kuanza ugomvi.

Hasira ya gemu kugoma peke yake haitoshi kuitwa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani lina tatizo linalotambulika la uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Dalili zake ni kushindwa kujidhibiti, kuiweka gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea licha ya madhara makubwa kwa masomo, familia au afya, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mtoto akianza kuonyesha dalili hizo, afikishwe kwenye huduma ya afya ya akili bila kusubiri mwaka uishe.

Kwa wengine, karatasi moja iliyobandikwa kando ya kompyuta inatosha kwa kuanzia: piga picha ujumbe, washa upya, kagua nafasi, mafaili na tarehe, kagua bando, tazama hali ya seva, linganisha toleo, kagua ruhusa ya akaunti. Nusu saa ikiisha bila mafanikio, picha ya ujumbe itumwe kwa huduma ya wateja wa kampuni, kompyuta izimwe, na mtoto awaarifu wenzake kwamba leo waanze bila yeye.