Mipaka ya kazi iandikwe kabla ya kulipia programu ya kompyuta

Mnunuzi anayeingia soko la Kwa Sadala, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha wilayani Hai, halipii mkungu wa ndizi kabla ya kuukagua na kuhesabu chane zake. Lakini mfanyabiashara huyo huyo anapotaka programu ya kompyuta ya kuendeshea stoo yake, mara nyingi humpa fundi malipo ya awali kwa sentensi moja ya mdomo: "Nitengenezee programu ya biashara." Hapo ndipo hasara huanza.

Sentensi hiyo haina mipaka. Kwa mwenye mali, biashara ni manunuzi, mauzo, madeni, ushuru, malipo ya vibarua na kodi ya malori. Kwa fundi, yaweza kuwa mauzo na stoo tu. Kila upande una haki kwa jinsi ulivyoelewa, na ugomvi hujitokeza wakati fedha zimekwisha kutolewa.

Jambo hili si geni nchini. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta uliishia kuleta hasara, na mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta kutoka nje ukapigwa marufuku. Ikiwa hazina ya nchi iliweza kufikwa na hayo, mwenye stoo moja ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Hatua ya kwanza ni kutaja tatizo, si mashine. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa jumla anayenunua mahindi, maharage na ndizi Kwa Sadala na kuuza Moshi mjini na Dar es Salaam. Tatizo lake kubwa laweza kuwa wateja wanaochukua mali kauli na daftari kutoonyesha nani anadaiwa kiasi gani. Ikiwa ndivyo, programu ya madeni ndiyo ianze. Mishahara na mengineyo yasubiri.

Hatua ya pili ni kuandika orodha mbili. Ya kwanza itaje yatakayofanywa: kupokea mzigo, kutoa mzigo, kuandika deni, kupokea malipo na kutoa taarifa ya kila jioni. Ya pili itaje yasiyohusika: mishahara, hesabu za malori, tawi la pili. Wengi huiacha orodha ya pili wakidhani haina maana, kumbe ndiyo inayozuia ugomvi, kwa kuwa kila upande hujua mapema kisichotarajiwa kwa bei iliyokubaliwa.

Hatua ya tatu ni vipimo. Debe ni kipimo cha ujazo wa lita 20, na uzito wake hubadilika kwa aina ya nafaka na ukavu wake. Tuseme programu inakubali kilo tu, na karani anahesabu kila debe la mahindi kuwa kilo 20 ilhali mizani inaonyesha 18. Debe 100 zitaacha kilo 200 za mahindi yaliyomo kwenye kompyuta lakini stoo hayapo, na mlinzi ataitwa mwizi bila kosa. Hivyo mipaka ya kazi itamke kama mali itaingizwa kwa mkungu, debe, gunia au kilo, na nani ataweka uwiano wake.

Hatua ya nne ni kodi na ushuru. VAT ilianza nchini Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Mashine za kielektroniki za stakabadhi zilianza kutumika mwaka 2010. Kiwango cha ushuru wa mazao nacho kilishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5. Viwango hubadilika, kwa hiyo mkataba useme kwamba mwenye mali ataweza kuvirekebisha mwenyewe bila kumwita fundi. Aidha, useme wazi kama programu itaunganishwa na mashine ya stakabadhi au la, maana kazi hiyo ina gharama zake.

Hatua ya tano ni kukubaliana jinsi ya kupima kwamba kazi imekwisha. Njia nyepesi ni kutumia daftari na kompyuta sambamba kwa wiki mbili, siku za soko zikiwemo. Salio la stoo na la madeni likilingana, kazi ipokelewe. Lisipolingana, fundi arekebishe kwa gharama yake. Malipo nayo yafuate hatua hizo: sehemu mwanzoni, sehemu baada ya kila kipande kufanya kazi, na sehemu ya mwisho baada ya majaribio.

Hata hivyo, hakuna mradi usiobadilika. Tuseme bei ni shilingi milioni 3 kwa miezi miwili. Katikati, mwenye mali anaomba hesabu za malori, kisha ujumbe wa simu kwa wadaiwa. Kila ombi laonekana dogo, lakini yote kwa pamoja yaweza kuongeza mwezi mzima. Dawa yake ni karatasi moja kwa kila badiliko: linaongeza nini, litagharimu kiasi gani, na litachelewesha kazi siku ngapi. Pasipo sahihi za pande zote mbili, lisifanyike.

Mwisho, mkataba utaje nani mwenye kumbukumbu za wateja na zitatolewaje fundi akiondoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwekea wajibu anayekusanya majina na namba za watu, na wadaiwa wa mahindi wamo.

Mwekezaji mdogo aliyeweka fedha katika kampuni au ushirika naye anahusika. Uongozi ukitangaza kununua programu mpya, na aulize mambo matatu: orodha ya yaliyomo na yasiyomo iko wapi, nani atapokea kazi, na malipo ya mwisho yatatolewa kwa sharti gani. Majibu yakikosekana, fedha zake zinalipia mkungu ambao hakuna aliyeuona.