Sifa za Kwenye Boksi na Utendaji wa Kadi za Michoro: Ulinganisho wa Radeon RX 460 na GeForce GTX 1050 Ti

1.0 Utangulizi

Mji wa Kamina, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya Jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni njia panda ya reli. Njia itokayo Lubumbashi hugawanyika hapo: moja huelekea Kananga na Ilebo, na nyingine Kabalo. Mwalimu au mwanafunzi wa chuo kikuu aliye katika mji wa namna hii, mbali na maduka makubwa ya vifaa, hana budi kununua kwa uangalifu, kwa kuwa kifaa kilichochaguliwa vibaya hakirudishwi kwa wepesi. Tatizo hilo huzidishwa na lugha. Masomo hutolewa kwa Kifaransa, boksi la kifaa huandikwa kwa Kiingereza, na mjadala wa kununua au kutonunua hufanywa kwa Kiswahili au Kiluba.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kusoma sifa za kadi ya michoro, na kuonyesha kwamba sifa hizo peke yake hazitoshi kutabiri utendaji. Tumechagua kadi mbili zilizotolewa mwaka 2016, ambazo leo hutafutwa zaidi katika biashara ya mitumba: Radeon RX 460 ya kampuni ya AMD, iliyotolewa mwezi Agosti, na GeForce GTX 1050 Ti ya kampuni ya NVIDIA, iliyotolewa mwezi Oktoba.

2.0 Sifa Zilizoandikwa

Kadi ya michoro ni ubao wenye prosesa na kumbukumbu yake yenyewe, ambao kazi yake ya msingi ni kukokotoa rangi ya kila nukta ya kioo. Kioo chenye nukta 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600, nazo hukokotolewa upya mara nyingi kila sekunde. Kwa hiyo, prosesa ya kadi imegawanywa katika vitengo vidogo vingi vifanyavyo hesabu nyepesi kwa wakati mmoja.

RX 460 ina vitengo 896, na kasi yake ya juu iliyotangazwa ni megahezi 1200. GTX 1050 Ti ina vitengo 768 na kasi ya megahezi 1392. Kila kitengo huweza kufanya hesabu 2 kwa kila pigo la saa ya prosesa. Tukizidisha idadi ya vitengo kwa kasi, kisha kwa 2, tunapata hesabu trilioni 2.15 kwa sekunde kwa kadi ya kwanza, na trilioni 2.14 kwa ya pili. Zote mbili hupatikana zikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4, zote husafirisha hadi gigabaiti 112 za data kwa sekunde baina ya kumbukumbu na prosesa, na zote zilikadiriwa kutumia umeme usiozidi wati 75. Msomaji wa boksi angesema kadi hizi ni pacha.

3.0 Utendaji

Majaribio yaliyofanywa zilipotolewa yalionyesha vingine. Katika michezo mingi ya kompyuta, GTX 1050 Ti iliipita mwenzake, mara nyingi kwa robo au zaidi. Sababu zake ni tatu.

Kwanza, kazi haiishii kwenye vitengo vya hesabu. Nukta iliyokwisha kukokotolewa hupita katika vitengo vingine vinavyoiandika kwenye kumbukumbu. GTX 1050 Ti inavyo 32, ilhali RX 460 inavyo 16 tu. Ni sawa na stesheni yenye wachukuzi wengi lakini lango jembamba: wingi si hoja iwapo mizigo husubiri mlangoni. Pili, kadi ya NVIDIA huugawa mchoro katika vipande vidogo na kuvimaliza kimoja baada ya kingine ndani ya prosesa, hivyo huisumbua kumbukumbu mara chache zaidi. Tatu, kasi ya megahezi 1392 iliyotangazwa ni ya chini kuliko ile ambayo kadi hiyo huifikia kazini ikiwa haijapata joto kupita kiasi.

4.0 Umeme na Programu

Mahali ambapo umeme hutoka kwenye paneli za jua, tofauti hii huwa ni ya akiba pia. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Tukitumia nusu yake ili isiharibike, tunabakiwa na 600. Kazi ikichukua saa 4 kwa wati 75, kadi peke yake itakula wati-saa 300. Kazi hiyohiyo ikimalizika kwa saa 3, itakula 225.

Hata hivyo, ushindi wa GTX 1050 Ti si wa kila mahali. Programu zilizoandikwa kwa mfumo wa CUDA, ulio mali ya NVIDIA, haziendeshwi na RX 460. Aidha, programu ya uchoraji ya Blender, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, haitumii tena RX 460 kukokotoa picha zake za mwisho. Kwa upande mwingine, kiendeshi cha RX 460 kimo ndani ya Linux yenyewe na msimbo wake uko wazi, hivyo mtumiaji hahitaji kupakua faili kubwa kwa intaneti ya polepole. Kiendeshi huria cha GTX 1050 Ti hakiwezi kuipandisha kadi kwenye kasi yake kamili. Kile cha kampuni hakina budi kupakuliwa, na mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba kizazi cha kadi hiyo kitaachwa nje ya matoleo mapya ya viendeshi vyake.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kadi mbili zenye sifa zinazolingana kwenye boksi zaweza kutofautiana sana kazini. Kwa hiyo mnunuzi asiulize tu kadi ina vitengo vingapi, bali aulize: programu nitakayoitumia inaikubali kadi ipi? Kazi yangu itamaliza umeme kiasi gani? Kiendeshi chake kitatunzwa na nani kwa miaka nitakayokaa nayo? Anayechora kwa Blender au kutumia CUDA ataifaidi zaidi GTX 1050 Ti. Anayetumia Linux kwa kazi za kawaida, na kukusudia kukitunza chombo chake kwa muda mrefu, ana sababu njema ya kuchagua RX 460. Maswali hayo yaweza kuulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili bila kupungukiwa na maneno, na ni vyema yafundishwe hivyo kabla fedha hazijatolewa.