Mpiga Besi na Chombo Chake

Na Mwandishi Wetu, Mocímboa da Praia

Mwashi huja kazini na mwiko wake. Mvuvi asiye na mashua, kwa upande wake, hujua hata kabla ya kutweka tanga kwamba sehemu kubwa ya samaki si yake. Mpiga muziki wa huku kwetu, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, yumo katika hali hiyo hiyo ya mvuvi, ingawa si wengi wanaomhesabu kuwa ni mfanyakazi. Hupiga harusini tangu saa tatu za usiku mpaka alfajiri, na malipo yakitoka mwenye vyombo hukata nusu kwanza. Nusu inayobaki hugawanywa kwa watu watano au sita. Mimi ninayeandika haya nimepiga besi kwa mapatano ya namna hiyo kwa miaka mingi, na siku niliyothubutu kuuliza hesabu niliambiwa kwamba nikitaka zaidi nije na besi yangu.

Basi nikaja na besi yangu. Makala haya yanaeleza jinsi ilivyopatikana na jinsi ilivyotengenezwa, nyumbani, kwa mikono na kwa vifaa ambavyo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuvipata.

Besi yangu ya kwanza sikubahatika kuirithisha mtu. Mashambulizi yalianza katika mji wetu tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji wote ukatekwa, nasi tulikwisha kukimbia na tulichoweza kubeba kichwani. Mtu hachagui besi mbele ya watoto na gunia la mchele. Majeshi ya Msumbiji na ya Rwanda yaliurudisha mji Agosti 2021, na sisi wenye nyumba tukarudi kidogo kidogo katika miaka iliyofuata. Besi sikuikuta, wala sikuitafuta sana.

Hii ya pili ni mtumba kutoka Mtwara. Jina lake kichwani lilikwisha kukwanguliwa, nyuzi zilikuwa na kutu, na ukiichomeka tu ilivuma kama nyuki walioudhiwa. Kwa bei yake niliona si haki kuilaumu.

Wapo wanaodhani kwamba kuchokonoa chombo cha umeme nyumbani ni uharibifu. Ndugu hao wanasahau kwamba besi katika pwani hii ilianza nyumbani. Katika kidumbaki cha Unguja besi ni sanduku: sanduku la chai lililopinduliwa, fimbo, na uzi mmoja. Mpigaji huvuta fimbo uzi ukakaza au ukalegea, na sauti nzito ikapanda na kushuka. Na ni mtoto gani wa kwetu ambaye hajaona gitaa la bati la mafuta lenye nyuzi za breki ya baiskeli? Gitaa sisi tunaliita viola, kwa Kireno, na besi viola baixo, lakini ufundi wa kulitengeneza haukuja kwa meli.

Hata besi ya umeme yenyewe ni kazi ya fundi wa mtaani. Leo Fender wa California alikuwa mtengenezaji wa redio, na gitaa hakujua kulipiga. Mwaka 1951 alitoa besi yenye fereti, yaani vile vyuma vinavyolala kukingama shingoni ili kidole kipate noti bila kubahatisha. Jambo kubwa alilofanya, kwa maoni yangu, ni kuifunga shingo kwenye kiwiliwili kwa skrubu badala ya gundi. Besi nyingi za bei nafuu zimeiga mpango huo. Maana yake ni kwamba mtu mwenye bisibisi anaweza kuifungua yote, akaisafisha, na akairudisha mahali pake.

Kazi ya kwanza ni shingo, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanakimbilia kushusha nyuzi. Mbao hunywa unyevu wa hewa. Kati ya masika na miezi ya upepo mkavu shingo hujikunja na kujikunjua yenyewe, na nyuzi nne za besi huivuta mbele mchana na usiku. Ndani yake umefichwa upau wa chuma wa kupingana na mvuto huo, na nati yake hugeuzwa kwa ufunguo wa pembe sita. Kaza nyuzi kwanza mpaka noti zake za kawaida: mi, la, re, sol. Kisha bana uzi kwenye fereti ya kwanza na kwenye ile ya mwisho kabisa, utazame katikati. Uwazi kati ya uzi na fereti uwe mdogo, kama unene wa kadi ya karatasi. Ukiwa mkubwa, kaza nati kwa robo mzunguko tu, halafu iache besi ilale mpaka kesho yake. Nati ikigoma usiilazimishe. Nati ikikatika ndani ya shingo, hasara yake ni kubwa kuliko bei ya besi nzima.

Baada ya shingo ndipo nyuzi hushushwa kwenye daraja. Mimi naziacha milimita mbili na nusu hivi juu ya fereti ya 12, maana napiga kwa nguvu. Mwenye vidole laini aweza kushuka zaidi. Halafu huja suala la noti kusema kweli. Urefu wa uzi katika besi nyingi ni milimita 864, na fereti ya 12 hukaa nusu yake, milimita 432. Gusa uzi kidogo juu ya fereti hiyo upate mlio wa kengele, kisha ubane papo hapo upige tena. Kama noti iliyobanwa iko juu zaidi, rudisha kidaraja cha uzi huo nyuma, mbali na shingo. Kama iko chini, kisogeze mbele. Nimepiga miaka mingi na wenzangu wakinilaumu kwamba nyimbo zikipanda naziharibu. Kumbe ulikuwa ni uzembe wa skrubu nne.

Kichwani mwa shingo pana kijidaraja kinachopokea nyuzi. Cha kwangu kilikuwa cha plastiki, kimepasuka. Nilikwenda kwa mchongaji mmoja, mzee wa Kimakonde.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo wataka sanamu?"

"La, mzee. Nataka taka tu, kipande cha mpingo urefu wa kidole."

Alicheka, akaniambia nichague chini ya mkeka. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na viwanda vya Ulaya hutengenezea zumari na klarineti. Tangu Januari 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Lakini vipande vinavyoanguka chini ya mchongaji hapa kwetu huishia jikoni. Nilikisugua kipande changu kwa tupa na msasa kwa muda wa jioni mbili. Mifereji ya nyuzi niliichimba kwa uzi mkuukuu wa besi uliozungushiwa msasa, ili kila mfereji uwe na unene wa uzi wake. Ukiukata mfereji chini mno uzi utalia kama bati, na kilichokatwa hakirudi.

Matundu ya skrubu za vikaza nyuzi yalikuwa yamelegea. Njiti za kiberiti na gundi ya mbao zilitosha.

Kijana mmoja alinishauri ning'oe fereti zote, besi iwe laini kama sanduku la kidumbaki. Si wazo la kipuuzi. Jaco Pastorius wa Marekani, aliyefariki mwaka 1987, alipata sifa duniani kwa besi isiyo na fereti, na ubao wake aliupaka epoksi ya mashua ili nyuzi zisiule. Epoksi hiyo mafundi wa boti za faiba wanaijua vizuri. Lakini mwenye besi moja, na harusi Jumamosi, asing'oe fereti. Hilo ni langu, na mwenye besi mbili afanye apendavyo.

Sasa tuingie katika umeme, na hapa namwomba msomaji asiruke mstari.

Pikapu ya besi ni sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa katika waya huo na kwenda kwenye amplifaya. Ubaya wake ni kwamba waya huo hudaka pia mvumo wa umeme wa nyumba. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na sol ya chini ya besi hutikisika mara 49. Kwa hiyo besi inayovuma ni kama ina mtu pembeni aliyeshikilia sol mbovu usiku kucha, wimbo uwe wa noti yoyote.

Nilipofungua kifuniko cha nyuma nilikuta waya wa ethi, ule unaotoka kwenye daraja, umekatika. Tundu la kuchomekea lilikuwa la kijani kwa chumvi ya bahari. Nililehemu waya upya mgongoni mwa kinobu cha sauti na kulisugua tundu mpaka likang'aa. Shimo la vinobu nililivika bati la kopo la maziwa, nalo nikaliunganisha na ethi. Natumia bati la kopo kwa sababu hukubali lehemu, na karatasi ya fedha ya sigara haikubali. Lakini bati hilo ni chuma, lisiwekwe karibu na sumaku za pikapu, na waya zote zenye uhai zifunikwe kwa utepe. Kapasita ya toni ilikuwa imekufa. Nilipata nyingine ya mikrofaradi 0.047 katika redio mbovu. Mvumo ukapungua mpaka ukabaki kama pumzi ya mtu aliyelala.

Lakini ndugu zangu, besi yenye ethi nzuri imekufunga wewe na ardhi kupitia nyuzi. Kama amplifaya ya mwimbaji ni mbovu, na mikrofoni yake ina umeme, basi siku utakaposogeza midomo kuitikia kiitikio huku mkono uko kwenye nyuzi, volti 220 zitapita kifuani mwako. Tarehe 3 Mei 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Uingereza, baada ya kugusa mikrofoni isiyokuwa na ethi. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme nyumbani kwake akipiga gitaa. Hao walikuwa na vyombo vya fedha nyingi.

Sisi tunapiga chini ya turubai, miguu peku juu ya mchanga uliolowa, na umeme wa jenereta. Na nimeona kwa macho yangu mafundi wakikata ule mguu wa ethi wa plagi ili kuondoa mvumo. Mvumo huondoka kweli, na kinga ya watu huondoka pamoja nao. Mvumo uondolewe ndani ya besi, kama nilivyoeleza, na plagi iachwe nzima. Vyombo vyote vichomekwe kwenye ubao mmoja wenye ethi, na ubao huo uwe na swichi ya kukata umeme ikiona milliampia 30 tu zimepotea njia. Kabla ya harusi weka ncha moja ya mita ya umeme kwenye nyuzi na nyingine kwenye mikrofoni. Ikionyesha volti, hakuna kupiga, hata bibi harusi awe amekwisha kufika mlangoni. Kukataa kupiga katika hali hiyo ni haki ya mfanyakazi yeyote, na mpiga muziki naye ni mfanyakazi.

Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma walilitambua jambo hilo zamani. Chama cha NUTA kilipoundwa Tanganyika mwaka 1964, bendi ya NUTA Jazz ilizaliwa mwaka huo huo, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na sasa ni Msondo Ngoma. Wapigaji walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara. Vyombo vilikuwa vya chama. Sisi huku hatuna chama cha kutununulia vyombo, na mshahara hatuna, kwa hiyo kila mtu hana budi kuanza na chake.

Harusi ya kwanza niliyokwenda na besi yangu, mwenye vyombo aliitazama, akaipiga noti mbili, akaniuliza nimeinunua wapi. Nikamjibu, Mtwara. Hakuniamini. Asubuhi tulipokaa kugawana, nikasema mbele ya wote kwamba fungu la vyombo sasa lina wenyewe wawili: spika na amplifaya ni zake, besi ni yangu. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni alikubali kwamba fungu hilo lihesabiwe kwa chombo na chombo, na akataka hesabu iandikwe katika daftari, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria.

Juma lililopita mpiga solo ameniletea gitaa lake, si la mwenye vyombo, lake mwenyewe, kalinunua kwa mkopo. Shingo imepinda kama upinde. Nimeligeuza nati robo mzunguko na kulilaza kivulini. Jumamosi tutalitazama tena.