Fahamu: Kijiti chenye panda kinavyookoa migomba ya Kivu Kaskazini

Mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa nchini Kongo huko Masisi, magharibi mwa Goma, mwaka 2001. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Ukikata shina, utomvu wa manjano hutoka. Hakuna dawa ya kupulizia.

Kinga iko mikononi mwa mkulima, na hufundishwa vizuri zaidi kwenye shamba darasa, njia ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) iliianza na wakulima wa mpunga Indonesia mwaka 1989. Chana cha mwisho kikishatokeza, ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda, kwani wadudu huingiza ugonjwa kupitia hapo, na panga nalo huusambaza. Mgomba ulioambukizwa hukatwa usawa wa ardhi, kisha panga hupitishwa motoni. Zamani wakulima waliambiwa wang'oe shina lote na machipukizi yake, ushauri mzito mno kwa mama mwenye kishamba kimoja.

Vita vimevuruga yote haya. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na familia nyingi za Masisi na Rutshuru zimehama mara kadhaa. Shamba lililoachwa halina wa kuvunja maua, kwa hiyo anayerudi aanze kwa kukagua kila mgomba kabla ya kugawana machipukizi na jirani.