Mgeni Apigaye Picha Kabla ya Hodi

Siku hizi wageni wa Dar es Salaam hawaishii Kariakoo na Coco Beach. Wanaletwa mpaka huku kwetu uswahilini, Keko, Tandika, Manzese, Tandale, wengine kwa miguu na wengine kwa baiskeli, mbele yao kijana wa kuwaelezea kila wanachokipita. Waje tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, na muuza chapati anayemaliza beseni lake mapema kwa sababu yao hana neno nao. Neno ninalo mimi, na ni juu ya yale wanayoondoka nayo: kwamba huku wanaume wanashinda barazani bila kazi, kwamba wanawake ni umbea tu, kwamba barabara zinafungwa hovyo kwa sherehe. Na hiyo sherehe waliyoiona mara nyingi ni msiba.

Nianze na hao wa barazani. Saa kumi na mbili asubuhi muuza kahawa ameshaweka birika juu ya mkaa, vikombe vidogo vimo kwenye ndoo ya maji, kashata za karanga zimepangwa kwenye sinia. Wa kwanza kuketi ni mlinzi aliyetoka lindo Masaki. Pembeni yake dereva wa daladala ambaye leo hana zamu. Fundi rangi na fundi bomba wako palepale kwa sababu anayejenga akitaka fundi haendi ofisi yoyote. Anakuja kijiweni kuuliza, na wenzake ndio wanaomwambia huyu kazi yake safi, yule achana naye. Katikati ya ubishi wa Simba na Yanga inajulikana nani kalazwa, mtoto wa nani hakulala nyumbani, chumba gani kimebaki wazi. Mzee akikosekana siku mbili mfululizo, mtu anatumwa akamgongee mlango. Hizo ni kazi, ila hazina mshahara.

Wageni wa kamera si wa kwetu tu. Nimesoma yaliyowakuta watu wa Gion, mtaa wa kale wa Kyoto kule Japani, mji unaofurika watalii mwaka mzima. Wageni waliwafuata maiko, wasichana wanaojifunza ugeisha, vichochoroni na kamera, wakawasumbua, hadi mwaka 2024 wakazi wakavifunga vichochoro vyao vya binafsi na kuweka vibao vya faini ya yen 10,000. Soko la Nishiki, katika mji huohuo, nalo limewaomba wageni wasile huku wanatembea. Hapo bibi yangu angekaa upande wa Wajapani moja kwa moja, maana kwake mtu mzima kula njiani ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Nawaelewa watu wa Gion, lakini vibao sivitaki kwetu. Nyumba ya Kiswahili mlango wake wa mbele uko wazi kutwa: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani nyuma ambako kila mpangaji ana jiko lake. Uwazi ule si ruhusa. Unasimama kizingitini unabisha hodi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukikosa karibu unageuza. Uwani kuna mama yuko na khanga moja anaogesha mtoto. Kamera inayochungulia korido bila hodi imeshaingia chumbani kwa mtu, na kijana anayewaongoza wageni, aliyelelewa mitaa hiihii, analijua hilo vizuri.

Linaloniuma zaidi ni msiba. Hata kabla maiti haijatoka hospitali, vijana wameshafunga turubai, njia imezibwa kwa mabenchi, na hakuna jirani anayelalamika, kwa kuwa kesho turubai litafungwa mlangoni kwake. Jiko la mfiwa haliwashwi. Wanawake wanakuja na masufuria, wengine na mchele, wengine na mikono yao tu, wanapika kwa kuni, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Ndani wamejaa mikekani, na mfiwa haachwi peke yake hata usiku. Nje kuna meza ndogo na kijana mwenye daftari la rambirambi. Anaandika jina, anaandika kiasi, na elfu moja inapewa mstari wake sawa na laki. Mgeni akiliona daftari lile anadhani ni biashara. Ni kumbukumbu ya deni lisilodaiwa kwa mdomo: aliyekuja kwangu nitakwenda kwake, na anayekwepa misiba ya wenzake atakuja kuhesabu mabenchi matupu kwenye wake.

Penye Wazaramo, watani wao Wanyamwezi wanaweza kuzuia jeneza wakidai walipwe kwanza, wakamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa, na mjane ambaye tangu jana hajasema neno akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Ukipiga picha hapo utapata kicheko tu.

Aprili 2012, alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, maelfu walijaa Leaders Club na makaburi ya Kinondoni, wengi wao hawajawahi hata kupeana naye mkono. Wapo waliosema ni wazimu wa mashabiki. Mimi niliona msiba wa mtaa uliozidi mtaa. Walikuwa naye sebuleni kila jioni, basi ni jirani, na jirani anazikwa.

Zipo kweli na sherehe zinazofunga njia, lakini vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, sivitetei. Singeli, muziki wake, ina watetezi wa kutosha, tangu ilipotoka Manzese na Tandale ikafika hadi Ulaya.

Ninachokililia ni mdundiko. Ngoma ile ya Wazaramo haikukaa uwanjani. Ilianzia nyumbani kwa mwali anayetolewa ndani, ikatembea, na kila mtaa ilioupita uliongeza watu. Kila mama wa rika langu aliyekulia Temeke alionywa asiifuate, asije akapotelea mbali. Mwali alikuwa na kungwi wa kumfunda, na zamani alikaa ndani na mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti alichokitunza kama mwanawe. Leo mwana hiti ni rahisi kumkuta kwenye kabati la makumbusho Ulaya kuliko Mbagala, na mafunzo ya miezi yamebanwa kwenye kitchen party ya jioni moja, yenye sare, mshereheshaji na kamera ya video.

Na nyumba zenyewe za baraza na uwani zinakwisha. Magomeni Kota mwaka 2022 zilizinduliwa ghorofa za kaya 644 za waliokuwa wapangaji wa nyumba za zamani. Maji ndani, choo ndani, nani asitake? Nimefurahi kwa ajili yao. Lakini ghorofani hakuna baraza wala uwani, na maiti ikishushwa ngazini waombolezaji wanasimama kati ya magari. Zamu ya Keko na Manzese inakuja. Wanaochora majengo hayo wachore na uwanja chini wa kufunga turubai, wenye mahali pa kuinjika masufuria kwa kuni.